Meno ya Bibi Arusi

Siku sita kabla ya arusi yake, binti wa dada yangu alinijia barazani, hapa Mji wa Kale, Mombasa, uso umemsawijika. Usiku wa jana yake alikuwa amepigwa picha, na katika picha zile aliona meno yake ni manjano.

"Mjomba," akaniambia, "nitachekaje mbele ya watu?"

Nikamwuliza amefanya nini. Akasema tangu alfajiri anayasugua kwa unga wa makaa na maji ya ndimu. Nilishtuka. Mimi si tabibu, lakini nami ujanani niliyasugua yangu vivyo hivyo, na hadi leo maji baridi huyatia ganzi. Nikamchukua mbio kwa tabibu wa meno.

Tabibu yule hakuanza na dawa. Alizima taa yake kali, akamsogeza dirishani penye nuru ya mchana, akampa kioo. Binti akatazama, akanyamaza. Meno hayakuwa yale ya kwenye picha.

Tabibu akatueleza. Jino limevikwa enameli, kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Takriban asilimia 96 ya uzito wake ni madini. Chini yake kuna dentini, ambayo kwa maumbile ina umanjano. Enameli hupitisha nuru, mithili ya kioo chenye ukungu. Nuru huingia, ikafika kwenye dentini, ikarudi na umanjano wake. Ndiyo maana jino huwa manjano zaidi karibu na ufizi, ambako enameli ni nyembamba. Na ncha za meno ya mbele, zisizo na dentini nyuma yake, huelekea usamawati.

Basi taa nayo ina lake. Picha zile zilipigwa chini ya globu ya nuru ya manjano, naye amevaa nguo nyeupe pepe. Globu iliongeza umanjano, na weupe wa nguo ukauonyesha zaidi.

Kisha tabibu akalipulizia jino moja upepo mkavu. Baada ya muda likawa jeupe kuliko wenzake! Maji yaliyo katika vitundu vidogo sana vya enameli yalikuwa yamekauka, hewa ikashika mahali pake, na nuru ikatawanyika zaidi. Mate yaliporudi, rangi nayo ikarudi pole pole. Kwa hiyo atengenezaye jino la bandia hulinganisha rangi mapema, kabla meno hayajakauka.

Hapo ndipo nilipoyaelewa makosa yangu. Ndimu huyeyusha madini ya enameli, na makaa huikwaruza. Ikipungua, dentini huonekana zaidi. Ukitafuta weupe kwa njia hiyo, mwisho wake ni umanjano. Tena enameli haioti upya, kwani chembe hai zilizoijenga hutoweka jino linapochomoza. Majuto ni mjukuu.

Madoa ya tambuu, chai na tumbaku ni jambo jingine. Mengi hukaa juu ya jino, na tabibu huweza kuyasafisha. Lakini ndugu zetu wengi waliolelewa Nakuru na Naivasha wana madoa ya kahawia yaliyomo ndani ya enameli yenyewe, kwa sababu ya floraidi nyingi katika maji waliyokunywa utotoni, meno yalipokuwa yakiumbika. Huo si uchafu, wala hautoki kwa kusuguliwa. Tusiwacheke.

Binti akayatupa makaa, akarudia mswaki wake wa mti, autumiao kabla ya sala, kwa mkono mwepesi. Siku ya arusi globu zilikuwa zile zile za manjano. Alicheka mpaka mama yake akamfinya, akimnong'oneza kuwa bibi arusi hutulia.