Jiki si dawa ya picha

"Fundi, niweke vifuniko vingapi vya jiki?" Swali hili nimelisikia mara nyingi mno hapa Kakamega, na wiki hii limerudi tena, muulizaji akiwa na fremu kwapani. Jibu ni lile lile: hata tone moja usiweke.

Ndani ya fremu alikuwamo Lord Heathfield, jenerali wa jeshi la Uingereza aliyeilinda ngome ya Gibraltar ilipozingirwa kuanzia 1779 hadi 1783. Joshua Reynolds alimchora kwa rangi mwaka 1787, mkononi ameshika ufunguo mkubwa wa ngome. Kisha sura hiyo ikachongwa kwenye bamba la shaba, ikachapwa kwa wino. Sasa uso wa jenerali umejaa madoa ya kahawia, na jirani amesema jiki huyatoa.

Huyatoa, kweli. Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Karatasi ya karne ya 18 ilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba, na nyuzi zile ndizo zilizoivusha miaka zaidi ya 200. Klorini iliyomo kwenye jiki haichagui: inapofifisha doa, inakata nyuzi pia. Wino hauguswi, kwa sababu ni masizi na mafuta, basi picha inatoka majini nyeupe kama sanda, na mwenyewe anashangilia. Mabaki ya klorini yanabaki ndani, yanaendelea kula. Baadaye karatasi inageuka manjano, inakuwa kavu, inavunjika ukiigusa pembe. Na madoa yanarudi, maana hukuondoa chanzo: kuvu, chembe za chuma ndani ya karatasi, na unyevu wa mji unaopata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Ndimu na kuanika juani? Asidi na mwanga, maadui wawili wa karatasi kwa mpigo. Tafadhali, tuache.

Fanya hivi. Itoe kwenye fremu, tupa kadibodi ya nyuma, weka isiyo na asidi. Vumbi la kuvu lifagie nje kwa brashi laini, umevaa barakoa. Usiibandike kwa gundi wala selotepu. Itundike ukuta wa ndani, mbali na dirisha na jiko, kioo kisigusane na karatasi. Ikihitaji kuoshwa, mpelekee mhifadhi wa karatasi. Na ule mstari uliobonyea kuzunguka picha usiukate ili ienee kwenye fremu mpya: hiyo ni alama ya bamba la shaba, na ndicho kitu cha kwanza mnunuzi anayejua atakachokitafuta.