Mwarobaini na Mbegu za Kunde

Mwaka uliopita tulipokea hapa Maskati kopo la mbegu za kunde kutoka Pemba, za asili ile ile aliyokuwa akiipanda marehemu mama yetu. Tulipolifungua tulikuta unga mwepesi na vijidudu vya hudhurungi vikitambaa. Takriban kila punje ilikuwa na tundu la mviringo. Tuliotesha punje 100 katika kitambaa kibichi, zikachipua 11. Kwa hasira tulimwandikia shemeji yetu aliyezihifadhi kwamba amezembea.

Tulikosea. Fukusi wa kunde hangoji ghalani. Jike hutaga mayai juu ya maganda yanayokauka yakiwa bado shambani. Buu hupenya ndani ya punje, na katika joto la pwani huhitaji kama mwezi mmoja tu kukua na kutoka. Shemeji alipolifunga kopo, mwizi alikuwa tayari yumo ndani. Tena kabla yake wapo kunguni wafyonzao maganda hadi punje zikasinyaa, na vidukari waenezao virusi, ambavyo vingine husafiri ndani ya mbegu hadi msimu ufuatao. Atakaye mbegu njema hana budi kuzilinda tangu mmea unapotoa maua.

Dawa ipo, nayo wengi wetu twapita chini yake kila siku: mwarobaini, ambao wenyeji wa Oman huuita shirishi. Ndugu waliokwenda Hija wameuona katika uwanda wa Arafa, ilikopandwa maelfu ya miti hiyo kuwapa mahujaji kivuli. Mwaka 1959 huko Sudani, mtaalamu wa wadudu wa Kijerumani, Heinrich Schmutterer, aliona nzige wakimaliza kila jani wakauacha mwarobaini. Kiini cha dawa yake, azadiraktini, kilitengwa mwaka 1968. Hakiui papo hapo kama sumu za dukani; humfanya mdudu asusie chakula, na buu ashindwe kujivua ngozi. Ndiyo maana wenye papara husema haifai kitu.

Huokotwa matunda yaliyoiva na kuwa manjano, yakamenywa, kokwa zikaoshwa na kuanikwa kivulini zisiote ukungu. Gramu 500 za kiini kilichotwangwa hulowekwa usiku kucha katika lita 10 za maji, kisha huchujwa na kutiwa sabuni kidogo. Hunyunyizwa jioni, kwani jua huivunja nguvu, na kurudiwa kila juma, au mapema zaidi mvua ikiiosha.

Kunde zikisha kukauka barabara na kuchambuliwa, kila kilo huchanganywa na mililita 2 hadi 3 za mafuta ya mwarobaini mpaka kila punje ing'ae. Yakizidi, hudhoofisha uotaji. Mbegu hizo ni za kupanda, si za chungu. Na mafuta yenyewe yafungiwe mbali na watoto: wapo wachanga walionyweshwa kwa nia ya tiba wakadhurika vibaya.

Zile 11 tulizipanda uani mwezi wa Oktoba, tukazinyunyizia kwa utaratibu huo. Leo tuna chupa moja iliyojaa. Katika punje 50 tulizojaribu, 46 zimechipua. Shemeji tumempigia simu kumtaka radhi. Amecheka, akauliza lita 10 za maji ni ndoo ngapi.