Kodi, Pango na Faida: Istilahi za Mauzo ya Nyumba

Neno "kodi" lina maana mbili ambazo msemaji huzitenga kwa muktadha tu. Mpangaji wa Lulindi asemapo kwamba amelipa kodi ya nyumba, huwa ana maana ya fedha alizompa mwenye nyumba; karani wa Mamlaka ya Mapato asemapo maneno hayo hayo, ana maana ya fedha ziendazo Serikalini. Katika mazungumzo hapana madhara. Katika hati ya mauzo madhara yapo, nayo hulipwa kwa shilingi.

Tuchukue mfano. Mwalimu alijenga nyumba Lulindi kwa shilingi 12,000,000, na stakabadhi anazo. Aliishi humo miaka 4, kisha akahamishiwa Newala, akaipangisha kwa miaka 2. Sasa anaiuza kwa shilingi 26,000,000.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 huitoza kodi faida ipatikanayo kwa kuuza ardhi au jengo. Kwa mkaazi kiwango chake ni asilimia 10. Hata hivyo, makazi binafsi ya mtu hayamo katika tozo hiyo iwapo ameyamiliki mfululizo kwa miaka 3 au zaidi. Ameishi humo, katika muda huo, mfululizo au kwa vipindi, jumla ya miaka 3 au zaidi. Na faida haizidi shilingi 15,000,000. Faida ya mwalimu ni shilingi 14,000,000, na kupangisha peke yake hakuifuti miaka aliyoishi humo. Angaliishi miaka 2 tu, angalidaiwa shilingi 1,400,000.

Hapa mfasiri hana budi kuangalia mambo matatu. Kwanza, akiandika "bei" mahali pa "faida", deni hilo litageuka kuwa shilingi 2,600,000. Pili, akiyaacha maneno "au kwa vipindi", atamnyima haki mtumishi aliyehamishwa akarudi. Tatu, "nyumba" ni jengo, bali "makazi" ni mahali mtu aishipo. Akisema "nyumba binafsi" atamwingiza hata yule asiyelala humo usiku mmoja.

Kwa hiyo yafaa "pango" litumike kwa malipo ya mpangaji, na "kodi" ibaki kwa malipo ya Serikali. Ndipo tutakapoweza kusema bila utata kwamba pango alilopokea mwalimu kwa miaka 2 ni mapato yake, nayo yana kodi yake, mbali na habari ya mauzo.

Msajili wa Hati hasajili uhamisho wa miliki pasipo cheti cha Mamlaka kuonyesha kwamba kodi imelipwa au haidaiwi. Tena, tangu mwaka 2021 Kiswahili kimewekwa kuwa lugha ya sheria za nchi. Neno la mfasiri si kivuli cha sheria tena; laweza kuwa sheria yenyewe, na mwuza nyumba ndiye atakayelibeba.