Nyanya wa Miezi Saba



Wahenga walisema ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Mwaka wa 2020 tuliona ajabu: guu lilivunjika, na zizi nalo likafungwa.

Tarehe 13 Machi mwaka huo, serikali ya Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Kabla ya mwezi kwisha, milango ya makanisa ilikuwa imefungwa na kafyu ilianza saa moja jioni. Salamu za mikono zikawa za viwiko. Sisi wauguzi tulifunikwa nyuso hata wagonjwa wakatutambua kwa mwendo tu.

Mwezi wa Julai ibada ziliruhusiwa tena, lakini kwa masharti: watu wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, na walio chini ya miaka 13 au waliopita miaka 58 wabaki nyumbani. Hapo ndipo umri wa akina mama ulipoanza kurudi nyuma! Waliokuwa wakidai heshima ya unyanya sasa walitaka kuitwa dada. Mmoja wao alipoulizwa miaka yake mlangoni, alijibu, "Mwanangu, mimi nilizaliwa mwaka wa nzige."

Mzee wa kanisa akamwambia, "Mama, nzige wamekuja hata juzi, Desemba."

"Basi nina miezi saba."

"Pole, mama. Walio chini ya miaka 13 pia hawaingii."

Tulicheka sote, naye alicheka kutushinda. Kisha aligeuka kwenda zake, na tukamwona akijifuta macho kwa ncha ya leso. Alikuwa mjane anayeishi peke yake. Masharti yale yalikuwa na sababu, kwa kuwa korona iliwaua wazee zaidi. Lakini upweke nao ni ugonjwa, na hauna sindano.

Wiki ile tuligawana majina ya nyanya wote wa kanisa letu. Kila Jumapili baada ya ibada tulikwenda wawili wawili, tumevaa barakoa, tukasimama nje ya ua kuwapa habari za mahubiri, pamoja na sukari kidogo. Nyanya wa nzige aliposikia kwamba ibada nzima ilikwisha kwa saa moja, alisema, "Kumbe ugonjwa huu umemponya mchungaji!"

Katika Mwanzo 18 tunamsoma Sara akicheka moyoni, kicheko cha mtu aliyechoka kungoja. Mungu hakumtupa kwa sababu ya kicheko kile. Katika sura ya 21 Sara anacheka tena, safari hii akiwa na Isaka mikononi. Sisi nasi tulicheka kati ya vicheko hivyo viwili. Si nyanya wote walioishi kurudi kwenye viti vyao, nasi tuliwalilia. Lakini tumaini letu liko kwa Yeye aliyefufuka, na kwake hakuna atakayeulizwa miaka mlangoni.

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa hali ya dharura. Ziara zetu za uani hatukuziacha. Mabadiliko mengine yatakuja, akina mama, na mengine yatatuchekesha. Tukishacheka, tutazame ni nani amebaki nje ya mlango, twende tukacheke naye huko aliko.