Mawe ya Sakafu: Yaone Kwanza, PIN Baadaye

Nyumba imeezekwa, plasta imekauka na madirisha yako na vioo. Kilichobaki ni sakafu. Umechoka kuona vigae vile vile vya kiwandani kwa kila jirani, wewe unataka mawe ya asili. Jioni simu inalia. Ni fundi.

"Madam, jamaa yangu ako na Mazeras poa sana. Nitumie hiyo pesa nikuletee kesho."

Picha imeshaingia WhatsApp na inapendeza. Pesa iko kwa simu. Ni kubonyeza mara chache tu na mambo yaishe.

Ngoja kidogo. Jibu zuri ni hili: "Asante fundi, lakini nipeleke kwanza nikayaone."

Si kwamba fundi ni mwongo. Shida ni kwamba mawe si kama simiti. Gunia moja la simiti halina tofauti kubwa na lingine la kampuni hiyo hiyo, lakini jiwe hutoka ardhini na rangi yake, mistari yake na nyufa zake. Picha haionyeshi unene, wala haionyeshi kama jiwe linakunywa maji.

Halafu kuna jambo ambalo wateja wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Huduma ya kurudisha pesa imewekwa kwa ajili ya mtu aliyekosea namba. Ukituma kwa namba sahihi kwa hiari yako, kisha ukaletewa mawe usiyoyapenda, hilo si kosa la muamala. Ni mzozo kati yako na muuzaji, na pesa iko kwake. Kwa hivyo ulinzi wako mkubwa uko kabla ya PIN.

Jua jiwe unalonunua

Mawe ya Mazeras yana jina la mji wa Mazeras, karibu na Mombasa. Ni mawe ya mchanga, yenye rangi za udongo. Wengi huyatumia barazani, kwenye njia za nje na kupamba kuta. Galana nayo hutoka upande wa mto Galana, kaunti ya Kilifi. Mawe kama haya mara nyingi huja na uso wake wa asili, na unene haulingani. Yanavutia, lakini fundi atatumia muda na simiti zaidi kuyasawazisha. Uliza bei ya ufundi kabla ya kufurahia bei ya mawe.

Marumaru huchimbwa hapa nchini, Kajiado ikiwa moja ya sehemu hizo, na nyingine huletwa kutoka nje. Inafaa sebule na chumba cha kulala. Jikoni itakusumbua: limau, siki na sabuni kali za choo huila na kuacha alama zisizong'aa ambazo haziondoki kwa kupanguswa.

Granaiti ni ngumu kuliko marumaru. Haikwaruziki kwa urahisi na limau haliisumbui. Lakini ile iliyong'arishwa kama kioo huteleza ikiwa na maji. Kwa bafu na baraza inayopigwa na mvua, chagua iliyoachwa na uso wa kukwaruza kidogo, hasa kama nyumbani kuna mzee au mtoto.

Majaribio matatu pale dukani

Omba kipande kilichovunjika. Wauzaji wengi hawakosi. Kisha fanya hivi:

1. Maji. Dondosha matone machache juu ya jiwe na usubiri dakika kumi. Jiwe likigeuka rangi na kuwa jeusi haraka, linakunywa maji. Litakunywa pia chai na mafuta ya kupikia. Unaweza kulinunua, lakini weka kwenye bajeti ile dawa ya kuziba vitundu ambayo mafundi huita sila. Dawa hiyo hurudiwa baadaye, pale maji yanapoanza tena kuzama badala ya kukaa juu.

2. Limau. Kamua tone moja. Likitoa mapovu, hilo ni jiwe la jamii ya chokaa, kama marumaru. Mtu akikuuzia marumaru akiiita granaiti, limau litamuumbua.

3. Kugonga. Shika kigae kizima na ukigonge kwa kidole au sarafu. Kizima hutoa mlio. Chenye ufa wa ndani hutoa sauti butu.

Beba pia rula na upime unene wa vigae vitano au sita, sio kimoja.

Hesabu ya chumba, na ya uzito

Sebule ya mita 4 kwa 5 ni mita 20 za mraba. Ongeza asilimia 10 kwa ajili ya kukata kwenye kona na kuvunjika, unafika mita 22. Tuseme umepewa bei ya shilingi 2,500 kwa mita. Hapo ni shilingi 55,000 za mawe pekee, bado gundi, usafiri na ufundi.

Uzito nao watu husahau. Granaiti au marumaru yenye unene wa milimita 20 ina takriban kilo 54 kwa kila mita ya mraba. Mita 22 ni karibu kilo 1,190. Pikapu ya tani moja haitoshi kwa safari moja! Na kama ni sakafu ya ghorofani, muulize kwanza injinia kama slabu inaweza kubeba.

Nunua chumba kizima, si kidogo kidogo

Wengi wetu tunajenga pole pole. Mwezi huu mabati, mwezi ujao simiti. Kwa mawe ya asili, tabia hiyo inaumiza. Ukinunua mita 8 leo na mita 14 baada ya miezi mitatu, mzigo wa pili utakuwa umetoka sehemu nyingine ya machimbo. Rangi hailingani, na mstari wa tofauti utaupata katikati ya sebule. Ukienda kulalamika, muuzaji atakwambia ni jiwe lile lile, na hatakuwa amedanganya.

Dawa ni kuweka akiba chumba kwa chumba. Kwa hesabu ya hapo juu, shilingi 11,000 kila mwezi kwa miezi mitano zinatosha mawe ya sebule. Ziweke kwenye akaunti ya akiba ya simu, mbali na pesa ya matumizi, ndio zisiliwe na unga na nauli. Siku ukinunua, chukua zote kutoka mzigo mmoja, pamoja na zile za ziada. Vinavyobaki usiuze. Kigae kikivunjika miaka ijayo, utashukuru.

Siku ya kulipa

Umeyaona, umeyapima, umeridhika. Sasa simu inaweza kutoka mfukoni.

Kubalianeni kwanza kwa maandishi: aina ya jiwe, unene, mita ngapi, bei, na nani atalipia kinachovunjika njiani. Hata ujumbe wa WhatsApp unatosha kuanzia. Mkiongea kwa mdomo tu, kila mtu atakumbuka lake.

Lipa kwa till au paybill ya duka, na usome jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Jina lifanane na lile lililo kwenye risiti. Ukiambiwa "till iko na shida, tuma kwa hii namba ya kijana wangu," simama hapo. Kesho duka linaweza kukwambia halijapokea chochote.

Toa amana kidogo ya kushikilia mzigo, na salio umalizie mawe yakishashushwa na kuhesabiwa. Dereva mlipe kivyake, fundi kivyake. Fundi hulipwa kwa mita alizomaliza, si kwa ahadi. Ukichanganya pesa zote kwa namba moja, hutajua ni nani anakudai na nani ulishamlipa.

Usifute ujumbe wa malipo. Ndio ushahidi wako, pamoja na risiti. Ukigundua umekosea namba, wasiliana na huduma kwa wateja saa hiyo hiyo, kabla pesa haijatolewa. Na kumbuka, hakuna mhudumu wetu atakayekuomba PIN.

Kabla fundi hajachanganya gundi, mwombe avipange vigae vikavu sakafuni, chumba kizima. Simama mlangoni uangalie rangi mchana, mwanga ukiwa mzuri. Ambacho hukipendi kinaweza kuhamishwa nyuma ya kochi au kurudishwa dukani. Kikishashikwa na gundi, utaishi nacho.