Mzazi, kazi iliyo katika faili la mtoto wako ni ya nani?

Ni Ijumaa ya kufunga shule. Umemchukua mwanao langoni, mmepata kiti nyuma ya dereva katika matatu ya kuelekea Umoja, na kabla makanga hajaitisha nauli tayari umeifungua bahasha ya ripoti. Macho yako yanakimbilia chini ya karatasi kutafuta nambari. Nambari haipo. Badala yake, mwalimu ameandika kwamba katika Shughuli za Lugha mtoto amefikia matarajio, na katika Shughuli za Hisabati anakaribia matarajio.

Unamgeukia mtoto huyo wa miaka mitano na kumuuliza swali ambalo wewe mwenyewe uliulizwa kila muhula: "Kwani umekuwa namba ngapi?"

Mtoto anakutazama tu. Unaikunja karatasi, unairudisha katika bahasha, na moyoni unajiambia kwamba karo yako inaenda bure.

Je, ni kweli inaenda bure? Ukweli ni kwamba ripoti hiyo yaweza kukueleza mengi kumhusu mwanao kuliko alama yoyote uliyowahi kuletewa. Lakini itakueleza ukweli kwa sharti moja, nalo liko mikononi mwako wewe mzazi. Tutalifikia.

Tulivyopimwa sisi

Wengi wetu tulisoma chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985. Tulizoea kupangwa foleni, wa kwanza hadi wa mwisho, na foleni hiyo iliishia kwenye mtihani wa KCPE, ambao ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Hata watoto wa nasari hawakuachwa. Waliketishwa mbele ya karatasi za maswali, na aliyetaka kuingia darasa la kwanza katika shule yenye sifa alifanyiwa intavyuu kama mtu anayetafuta kazi.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilikataza shule za umma kumtahini mtoto ili kuamua kama ataandikishwa. Kisha Januari 2019 mtaala wa umilisi, ambao wengi waliuzoea kwa jina la CBC, ukaanza kutekelezwa kote nchini katika madarasa ya chekechea hadi Gredi ya 3. Kwa watoto hawa wadogo, mwalimu anatakiwa apime huku akifundisha: atazame, asikilize, aulize, aandike, na aweke mifano ya kazi ya kila mtoto katika faili lake.

Kwa nini asitoe mtihani tu, jambo likaisha? Kwa sababu mtoto wa miaka minne au mitano si mtahiniwa. Huenda ameamka na homa. Huenda hakuelewa maagizo, au penseli ya jirani imemvutia kuliko swali. Karatasi hiyo itapima asubuhi moja katika maisha yake, nasi tutaichukua kuwa ndiyo akili yake.

Wimbo wa mia moja

Chukua mfano wa hesabu. Wageni wakija nyumbani, mtoto huitwa sebuleni ahesabu moja hadi mia moja. Anahesabu bila kukwama, watu wanapiga makofi, na mzazi anavimba kifua.

Sasa weka vifuniko 12 vya soda mezani na umwambie, "Nipe saba." Mtoto mmoja atashika konzi nzima akupe. Wa pili atahesabu kwa kidole, lakini mdomo utakimbia kuliko kidole, na kifuniko kimoja kitahesabiwa mara mbili. Wa tatu atakupa saba barabara, ila ukimuuliza vile alivyokupa ni vingapi, ataanza kuhesabu upya tangu mwanzo. Wa nne atakujibu papo hapo, "Saba."

Watoto hao wote wanne wanajua kuimba hadi mia moja, lakini kila mmoja amesimama mahali pake katika safari ya kuielewa nambari. Wa kwanza anahitaji kujifunza kwamba kuhesabu kunaweza kutupatia idadi tunayoitaka. Wa pili anahitaji kugusa kitu kimoja kwa kila nambari anayotamka. Wa tatu hajatambua kwamba nambari ya mwisho ndiyo idadi ya vitu vyote. Ukiwapa wote mtihani wa karatasi, wawili kati yao wanaweza kupata 60 kwa 100, na alama hiyo isikuambie ni nani anayehitaji nini kesho asubuhi.

Kuna jambo jingine. Panga vifuniko sita katika mstari mmoja na vingine sita katika mstari wa pili, kisha utawanye vile vya mstari wa pili viwe mbalimbali. Watoto wengi wa miaka minne au mitano watakuambia kwamba sasa mstari huo una vifuniko vingi zaidi. Usiwacheke wala kuwakemea. Mtaalamu wa Uswisi, Jean Piaget, alieleza zamani kwamba hiyo ni hatua ya kawaida katika kukua kwa fikira, na watoto wengi huivuka wanapokaribia miaka sita au saba.

Jicho la mwalimu

Kumtazama mtoto kwa makini si jambo la juzi. Daktari wa Italia, Maria Montessori, alipofungua nyumba ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo mjini Roma mwaka wa 1907, alisisitiza kwamba mwalimu ajifunze kwanza kutazama.

Hata hivyo, kutazama kuna kanuni zake. Mwalimu anapoandika "Mtoto huyu ni mvivu", hajaandika alichokiona, ametoa hukumu. Lakini akiandika hivi: "Jumanne, kona ya vitabu. Alishika kitabu wima, akafungua kurasa kutoka kushoto kwenda kulia, akasimulia hadithi kwa kufuata picha. Nilipomwonyesha herufi ya kwanza ya jina lake aliitambua. Nyingine hakuzitambua," basi hapo ametupa kitu cha kufanyia kazi. Mwalimu mwingine akisoma maneno hayo baada ya mwezi mmoja, atajua pa kuanzia.

Maandishi ya namna hiyo hufichua hata yale ambayo mtihani hauyaoni. Tuseme mwalimu ameandika mara tatu katika majuma mawili kwamba mtoto fulani haitiki akiitwa kutoka nyuma, kwamba hutazama midomo ya wenzake kabla ya kufuata maagizo, na kwamba wakati wa hadithi husogea hadi mbele kabisa. Huenda katika mtihani angeonekana mjinga tu. Ukiyaweka maandishi hayo matatu pamoja, unaona mtoto ambaye anafaa kupimwa masikio. Vituo vya EARC vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu vilianza humu nchini mwaka wa 1984, lakini mtoto hawezi kufika huko iwapo hakuna mtu mzima aliyemwona.

Utauliza, mwalimu mmoja atawezaje kuandika hayo yote katika darasa lililojaa? Swali lako ni la haki, kwani katika mitaa mingi ya jiji madarasa yamefurika. Hawezi kuwaandikia wote kila siku. Lakini akichagua watoto wanne kila siku, darasa la watoto 40 litakwisha katika siku 10 za shule, yaani majuma mawili. Orodha ya majina itamwonyesha ni nani hajaandikiwa, na aghalabu atakuwa mtoto mkimya, asiyelia wala kupigana, ambaye angeweza kumaliza muhula mzima bila kutambuliwa.

Faili nalo husema

Mbali na maandishi hayo kuna faili la kazi za mtoto. Wengine huliita potfolio. Laweza kuwa la kununuliwa, au la karatasi ya manila iliyokunjwa na kushonwa kwa uzi. Thamani yake imo katika tarehe zilizoandikwa nyuma ya kila karatasi.

Tazama picha za mtu zilizochorwa na mtoto yule yule. Mwanzoni atachora duara lenye macho, na miguu itatoka moja kwa moja kichwani. Baadaye kiwiliwili kitatokea, kisha mikono, kisha vidole ambavyo huenda vikawa tisa mkono mmoja. Ukiziweka pamoja picha ya Januari na ya Julai, utaona safari ambayo hakuna alama ingekuonyesha.

Ndivyo ilivyo pia kwa kuandika jina. Mtoto huanza kwa michirizo, kisha herufi moja moja, na nyingine huzigeuza, S ikatazama nyuma. Kugeuza herufi ni jambo la kawaida kwa watoto wengi hadi wafikapo miaka saba hivi, kwa hiyo usikimbilie kumwita mtoto mzito wa akili.

Faili linalodanganya

Sasa tufikie lile sharti tulilolitaja.

Ni Jumapili usiku, saa tatu na nusu. Mtoto aliagizwa atengeneze mnyama kwa kutumia vitu vinavyopatikana nyumbani, na kazi inahitajika kesho. Mtoto ameshalala kochini. Baba anakata katoni kwa makasi, mama anapaka gundi, na dada mkubwa ametumwa saiba akachapishe picha ya twiga. Kufikia saa nne, twiga amesimama mezani, shingo imenyooka, madoa yamepangika. Asubuhi mwalimu anampiga picha kwa simu, na picha hiyo inaingia katika faili la mtoto ambaye hakugusa hata gundi.

Mzazi, hapo umemsaidia nani? Huenda vidole vya mtoto huyo bado ni dhaifu, na makasi yanamtoka mkononi. Mwalimu akimwona twiga, ataandika kwamba amefikia matarajio, na mazoezi ya kukata aliyoyahitaji yatampita. Faili limekuwa kama cheti cha daktari kilichoandikwa kwa damu ya mtu mwingine. Dawa haiwezi kuwa sahihi.

Kuna hasara kubwa zaidi. Mtoto anapoamka na kumkuta twiga mzuri kuliko anavyoweza kutengeneza, anajifunza kwamba kazi ya mikono yake mwenyewe haifai kuonyeshwa watu. Somo hilo halimo katika mtaala wowote, lakini hukaa kichwani kwa muda mrefu.

Lawama si ya mzazi peke yake. Zipo shule zinazosifu kazi inayong'aa na kuipuuza ile iliyopinda. Wapo walimu wanaoagiza vifaa vya kununuliwa ilhali majani, udongo na maboksi matupu yangetosha. Na mzazi anayeogopa mwanawe asiaibike mbele ya wenzake hufanya analoweza. Lakini mwalimu akipokea kwa furaha twiga aliyepinda shingo, wazazi watapumzika na watoto watajifunza.

Ukimwendea mwalimu

Siku ya wazazi ikifika, usiishie kumuuliza mwalimu kama mtoto ana bidii. Muulize maswali ambayo faili laweza kuyajibu:

Mtoto wangu anaweza kufanya nini sasa ambacho hakuweza muhula uliopita? Naomba nione kazi mbili zenye tarehe tofauti.

Ni kazi gani aliifanya peke yake, na ni ipi alisaidiwa?

Hucheza na nani, na hufanya nini akishindwa na jambo?

Umeandika "anakaribia matarajio". Kimebaki nini ili ayafikie, na nimsaidieje nyumbani?

Mwalimu aliyemtazama mwanao atakujibu kwa mifano. Akikujibu kwa maneno ya jumla tu, usimgombeze. Muulize ana watoto wangapi darasani, kisha uzungumzie jambo hilo katika mkutano wa wazazi. Kumbuka pia kwamba wewe unaona mengi asiyoyaona yeye. Mtoto anayenyamaza darasani huenda nyumbani husimulia hadithi tangu jioni hadi usingizi umchukue. Mweleze mwalimu, naye ayaandike.

Na iwapo mwanao ameagizwa kazi ya mikono, kaa karibu naye, mshikie katoni asijikate, muulize anafikiria nini. Makasi yabaki mkononi mwake. Kama alisaidiwa mahali fulani, andika nyuma ya kazi hiyo: "Nilimsaidia kukata shingo." Maneno hayo machache yatamfaa mwalimu kuliko twiga mia moja waliokamilika.

Leo ni Jumapili. Baada ya chakula cha mchana, mpe mtoto penseli na karatasi, umwambie akuchore wewe. Usimwongoze, usimfutie. Hata akikuchora bila shingo, pokea. Andika tarehe nyuma, uiweke karatasi hiyo chini ya godoro au katika Biblia au msahafu, popote isipopotea. Muhula ujao mwombe akuchore tena, kisha uziweke picha mbili hizo pamoja. Hutahitaji kumuuliza amekuwa wa ngapi.