Gobore, Raifo na "Namba 22"

Miongoni mwa maneno yanayotutaabisha katika kazi ya kusanifu istilahi ni majina ya silaha. Taabu hiyo tuliiona dhahiri Bariadi, mkoani Simiyu. Mrithi mmoja alikuwa amepeleka kituoni bunduki ndogo ya marehemu baba yake, kwa kuwa kibali cha silaha ni cha mtu, wala hakirithiwi pamoja nayo. Kibali hicho, cha tangu Bariadi ilipokuwa katika Mkoa wa Shinyanga, yaani kabla ya mwaka 2012, kilitaja "bunduki namba 22". Muhtasari wa kikao cha ukoo ulitaja "gobore". Akaulizwa: hilo gobore liko wapi? Silaha ilikuwa moja, lakini karatasi zilisema mbili.

Gobore ni bunduki inayoshindiliwa kwa mdomoni: hutiwa baruti, kisha risasi, vikakazwa kwa mdeki. Si kila bunduki kuukuu ni gobore. Hii ya Bariadi hujazwa kwa nyuma, penye komeo. Askari alipokwisha kuhakikisha kuwa ni tupu, tulitazama ndani ya mtutu tukaona mifuo iliyojipinda, ambayo huizungusha risasi ili iende moja kwa moja. Mtutu wa bunduki ya marisau, ambayo wengi huiita shotigani, kwa kawaida ni laini. Basi hii ni bunduki ya mifuo, au raifo kama wasemavyo wawindaji. Jirani mmoja, kwa kuuona udogo wake, alishikilia kuwa ni bunduki ya upepo. Lakini bunduki ya upepo haina ganda, na katika kisanduku cha marehemu mlikuwamo maganda mawili matupu.

Maganda hayo yalikuwa na alama ya kugongwa ukingoni, si katikati. Ndivyo zilivyo risasi za 22: fataki yake haikupachikwa peke yake, bali imo ndani ya ukingo wa kitako cha ganda. Hapa neno "risasi" halitoshi, maana hutaja madini, kichwa kirukacho, na kitu kizima pia. Tunapendekeza libaki kwa kitu kizima, na sehemu zake ziitwe kichwa, ganda, baruti na fataki.

Lakini kosa kubwa limo katika neno "namba". Ile 22 ni kipenyo cha mtutu kwa sehemu za mia za inchi, yaani kama milimita 5.6. Ile 303 ya jeshi la Waingereza ni sehemu za elfu, kama milimita 7.7. Na 12 ya shotigani haipimi inchi hata kidogo: ni idadi ya gololi za risasi zenye upana wa mtutu ambazo kwa jumla zina uzito wa ratili moja. Ndiyo maana mtutu wa 12 ni mpana kuliko wa 22, jambo linalowashangaza wengi. Tungependa 22 na 303 ziitwe kipenyo, na "namba" iachiwe ile iliyochongwa kutofautisha silaha moja na nyingine.

Maelezo yakaandikwa upya: bunduki ya mifuo, ya komeo, kipenyo 22, yenye alama ya bunduki tatu zilizoegemeana, ambayo ni ya BSA, kampuni iliyoanzishwa Birmingham, Uingereza, mwaka 1861. Namba iliyochongwa chumani ilikuwa ileile iliyoandikwa kwa wino nyuma ya kibali, chini ya mhuri uliofifia.